Mdhamini Ni Nani?

Sheria yetu Waislamu ya mirathi ina mpangilio usiobembelezwa. Mtu akifa, kwanza zinatolewa gharama za kumzika. Kisha yanalipwa madeni yake, kisha unatazamwa wasia, usiozidi theluthi, na kinachobaki ndicho warithi wanachogawana. Mume wangu alipofariki nilikuwa ndani ya eda, na shemeji yangu ndiye aliyekaa mlangoni na daftari. Duka letu lipo Kariakoo, upande wa Gerezani. Tunauza vifaa vya umeme: nyaya, breka, swichi, na siku hizi paneli za sola na betri zake. Asiyeijua Kariakoo atadhani kila kilichojaa dukani ni cha mwenye duka, kumbe sehemu kubwa ni mali kauli. Unachukua kwa mwenye stoo leo, unauza, unampelekea chake baada ya wiki au mwezi, na ushahidi ni mstari mmoja kwenye daftari lake na mmoja kwenye lako. Basi walikuja wenye mistari yao. Ambao hatukuwaona kwenye daftari letu, shemeji aliwataka walete mashahidi. Watoto wangu hawakugusa kitu mpaka wa mwisho alipolipwa. Lakini pia hakuna aliyewaambia kwamba kama baba yao alikula zaidi ya alichoacha, basi wao wafanye kazi mpaka wamalize. Hapo sheria imejenga ukuta. Deni linafuata mali ya marehemu, haliwafuati watoto shingoni.

Naanza na hayo kwa sababu mtoto wa kaka yangu amerudi kutoka Tomsk, huko Siberia, alikokwenda kusomea uhandisi wa nyuklia, na tangu arudi sinywi kahawa kwa raha. Jioni anakaa juu ya boksi la betri mbele ya duka na kunisomesha habari za vinu vidogo vya nyuklia. Kinu cha kawaida hutoa megawati elfu moja na zaidi. Hivi vidogo, kwa kipimo cha Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, havizidi megawati 300 kila kimoja, na nia ya wabunifu wake ni vitengenezwe kiwandani kwa vipande, vipakiwe, vifungwe mahali vinapotakiwa. Warusi wanavyo viwili vya megawati 35 kila kimoja ndani ya chombo kinachoelea, Akademik Lomonosov, kilichofungwa bandari ya Pevek na kinachotoa umeme kibiashara tangu 2020. Wachina walianza kuuza umeme wa cha kwao huko Shidao Bay mwishoni mwa 2023.

"Shangazi, gridi yetu bado ndogo," ananiambia. "Ukifunga mtambo mmoja mkubwa mno, siku ukizimika unaangusha nchi nzima. Hivi vinatutosha."

Hesabu ya moshi ameihifadhi kama juzuu ya Amma. Kila uniti ya umeme wa nyuklia, tangu kuchimba urani mpaka kubomoa kinu, ina takriban gramu 12 za hewa ya ukaa. Ya gesi ina 490, ya makaa ya mawe 820. Ni hesabu ya jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, ya mwaka 2014, na mimi sibishani nayo.

Mimi hasa sina uso wa kubishana nayo, kwa kuwa giza ndilo linalonilisha. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulinimalizia inveta zote stoo. Miezi ile ukipita Mtaa wa Msimbazi ulisikia majenereta kabla hujamsikia muadhini, na moshi ulikuwa unaingia mpaka kwenye majora ya vitenge. Sasa tunalo Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, zaidi ya nusu ya uwezo wote wa kuzalisha umeme nchini. Umeme bado unakatika, ila siku hizi kisa ni transfoma na nyaya zilizochoka. Hata hivyo bwawa linategemea mvua, na mvua haina tena adabu tuliyoizoea. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua kiasi cha Dar es Salaam kupangiwa zamu za maji. Aprili 2024 Rufiji ilifurika na kuwatoa watu majumbani. Na hapa kwetu, bonde la Msimbazi likijaa pale Jangwani, Barabara ya Morogoro inafungwa, mteja wa Magomeni anageuza njia, na mimi nafunga hesabu mapema. Hilo la hesabu ni dogo. Desemba 2011 maji hayo hayo yaliua watu, na walionusurika mabondeni wakapelekwa kuanza upya Mabwepande. Kwa hiyo kijana akisema tutafute umeme usiotoa moshi na usiongoja mawingu, namsikiliza.

Ninachomuuliza ni kile kinachobaki.

Mafuta ya urani yakishatumika yanatoka kinuni yakiwa na sumu zaidi kuliko yalivyoingia. Ndani yake mna plutoniamu, ambayo nusu yake tu huchukua miaka 24,100 kuisha. Wafini wamechimba handaki linaloitwa Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba, ili mafuta hayo yawekwe kwenye mitungi ya shaba, yafukiwe kwa udongo wa mfinyanzi, shimo lizibwe, watu waondoke zao. Kijana anaisimulia kazi hiyo kwa heshima, na inastahili. Mimi fikra zangu zilikwenda kwenye Suratul Ahzab, aya ya 72, inayotaja kwamba amana ilielekezwa kwa mbingu na ardhi na milima, vyote vikaogopa kuibeba, akaibeba binadamu. Na aya haimpi sifa kwa hilo, inamtaja kwa dhuluma na ujinga. Wafasiri wamehitilafiana amana hiyo ni nini, na wengi husema ni wajibu wa dini wenyewe. Sidai kwamba aya inazungumzia urani. Nasema tu kwamba milima ilishaulizwa ikakataa, na sasa sisi tunaibebesha bila kuiuliza.

"Basi si ndiyo amana hiyo, shangazi? Tunawaachia wajao, na wao wailinde."

Hapo ndipo tulipoachana njia. Amana ina watu wawili, anayeweka na anayekubali kuwekewa. Jirani akija na boksi lake akasema nimwekee mpaka Alhamisi, naweza kumwambia sina nafasi. Nikikubali, nimebeba, nikikataa, analiondoa. Mtu atakayezaliwa miaka elfu tatu ijayo hana mdomo wa kukataa. Watu wa Uyombo, kule Kilifi, walipoelezwa mwaka 2024 kwamba kinu cha Kenya kingejengwa kwenye ufuo wao, waliandamana, na baadaye macho ya wapangaji yakageukia Siaya. Wao walikuwepo. Kwa wasiokuwepo, kinachowafikia hakina sifa ya amana. Ni deni walilokopewa na mtu wasiyemjua, kwa bidhaa iliyokwisha kuliwa.

Yupo atakayesema asiyezaliwa hana haki, kwa kuwa hayupo wa kuidai. Waswahili wengi husema hivyo kwa vitendo hata kama hawaitamki. Lakini historia yetu ina jibu la kiutawala kabisa. Majeshi ya Waislamu yalipoitwaa ardhi yenye rutuba ya Iraki, ile Sawad, askari walitaka wagawiwe kama ngawira nyingine. Khalifa Umar bin Khattab alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba akiwagawia hao, watakaokuja baadaye hawatakuta kitu, na alijitetea kwa Suratul Hashr, inayowataja waliokuja nyuma ya waliotangulia. Masahaba wakubwa walimpinga. Yeye akaiacha ardhi mikononi mwa wakulima wake na kuitoza kodi ya kudumu iingie hazina ya wote. Kwa hiyo mbele ya mtawala, asiyezaliwa aliwahi kuhesabiwa kuwa mtu mwenye fungu lake. Na wale askari hawakuwa watu waovu. Walikuwa wamechoka, wana vidonda, na walitaka haki yao. Kila kizazi kina sababu nzuri ya kula.

Wataalamu wanahangaika pia na namna ya kuwaonya hao wajao wasichimbe pale. Kwa hili sihitaji kwenda Finland. Natembea kutoka dukani mpaka Mtaa wa Samora, kwenye ile sanamu ya Askari iliyosimamishwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza. Maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Simama hapo saa ya watu kutoka makazini uhesabu wangapi wataweza kusoma hayo ya tatu. Hapo haijatimia hata miaka mia, mji haukuhama, na lugha ni ile ile.

Kufika hapo utadhani nimeshafunga kesi. Sijaifunga, na ningekuwa mwongo kama ningeifunga, kwa sababu moshi nao ni deni. Hewa ya ukaa ikipanda, sehemu yake hubaki juu kwa maelfu ya miaka. Hakuna mtungi wa shaba wala mwamba, na hakuna anayejua gramu ipi imetoka kwenye jenereta la nani. Uchafu wa kinu una mahali ulipo. Unapimwa, unaandikwa, unalindwa. Moshi wa viwanda vya Ulaya tangu enzi za makaa ya mawe umeingia mabonde ya watu ambao hawakuwahi kuwasha hata taa moja kwa makaa hayo, wakiwemo wa Jangwani, na hakuna daftari linaloweza kufunguliwa mlangoni. Kati ya mdaiwa anayeandika deni lake na yule anayekopa gizani na kutoroka, sheria inamheshimu zaidi wa kwanza. Kwa hilo nyuklia inashinda, na mara kadhaa nimemwambia kijana hivyo, ingawa anapenda kukumbuka lile nililompinga tu.

Na kuna walio hai. Mama lishe anayepika nyuma ya duka letu ananunua mkaa wa kupima, macho yake mekundu kufika saa nne asubuhi. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, ikitaka asilimia 80 ya Watanzania waifikie mwaka 2034. Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walikusanyika hapa hapa mjini, pale ukumbi wa Julius Nyerere, wakaahidi umeme kwa watu milioni 300 ifikapo 2030. Huwezi kumwambia mama huyu aendelee kukohoa kwa ajili ya wajukuu wa vitukuu vyake. Fiqhi inaruhusu kukopa kwa dharura, na inaruhusu hata yaliyozuiwa. Imeweka sharti moja tu, kwamba dharura ipimwe kwa kadiri yake. Aliye na njaa ya kufa anaruhusiwa kula mzoga, lakini si kuufanyia karamu. Sisi tuna jua linalochoma mabati mwaka mzima, tuna upepo Singida, tuna jotoardhi huko Ngozi, Mbeya. Kabla ya kusema dharura, tuonyeshane kwanza vilivyotumika vikaisha. Najua nauza sola. Ondoa faida yangu kwenye hoja, uitazame hoja.

Lakini swali lililonikaa kooni zaidi ni la mdhamini. Imepokewa kwamba jeneza liliwekwa mbele ya Mtume, akauliza kama marehemu ana deni, akaambiwa analo, na hakuacha cha kulilipa. Akajizuia kumsalia, akawaambia wenzake wamsalie wao. Alikubali pale tu Abu Qatada aliposimama na kusema deni lile liko juu yake. Kumbuka ni dinari chache tu. Abu Qatada hakutoa hotuba kuhusu usalama wa teknolojia. Alisimama mbele za watu na kusema ni mimi.

Sasa nitafutie Abu Qatada wa kinu. Vinu vidogo vinauzwa kwa ahadi nyingi, na ahadi ya bei imeshaanza kuyumba. Mradi wa kampuni ya NuScale, uliokusudiwa kujengwa Idaho, Marekani, ulifutwa Novemba 2023 baada ya makadirio ya bei ya umeme wake kupanda kutoka dola 58 hadi 89 kwa kila uniti elfu, kabla hata nguzo moja haijasimama. Benki ya Dunia, iliyokuwa imekaa mbali na nyuklia kwa miongo mingi, ilifungua mlango Juni 2025. Kwa hiyo fedha za kujengea zitapatikana, na fundi yupo. Mmoja namnywesha kahawa kila jioni. Za kulindia je? Wafini, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, huwatoza wazalishaji wa umeme wa nyuklia fedha zinazoingia mfuko maalumu wa kushughulikia mabaki, umeme ungali unauzwa na mdaiwa angali hai. Hilo naliheshimu kuliko handaki lenyewe. Ni kama mume wangu angeweka pembeni fedha za kila boksi la mali kauli siku alipolichukua. Kijana anasema kuna wauzaji watakaoyachukua mafuta yaliyotumika warudi nayo kwao. Inshallah. Mimi nimeuza na kununua Kariakoo muda wa kutosha kujua kwamba "usijali, nitakirudisha" huandikwa, husainiwa, na huwekewa shahidi.

Tena, kwa sisi Watanzania, deni halisubiri kinu. Limeshaanza Namtumbo, mkoani Ruvuma. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe ili eneo la urani la Mto Mkuju libaki nje, kipande kisichofika asilimia moja ya pori lote. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani hapo, chini ya kampuni ya Mantra Tanzania, iliyo ndani ya familia ya Rosatom, shirika la nyuklia la Urusi. Watu wanadhani urani ikishasafirishwa imeondoka na shari yake. Kijana mwenyewe ndiye aliyenieleza, kwa uaminifu wa msomi, kwamba sivyo. Ukiisaga miamba na kuitoa urani, zaidi ya asilimia 80 ya mionzi iliyokuwemo inabaki kwenye tope la mabaki. Humo mna radiamu, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 1,600, na thoriamu inayoizaa upya kwa muda mrefu kuliko huo. Miaka 1,600 nyuma, Mtume alikuwa hajazaliwa. Jamhuri yetu ya Muungano ni ya 1964, na Tume ya Nguvu za Atomiki, inayosimamia mambo haya, imeundwa kwa sheria ya 2003. Kampuni za madini ndizo zenye umri mfupi kuliko wote. Mdhamini anakufa asubuhi, na deni halijaanza kupungua.

Wanazuoni wa Kishafii walijadili zamani hukumu ya kumuuzia zabibu mtu anayekamua mvinyo. Ukiwa na yakini na atakachofanya, ni haramu. Ukishuku tu, ni makruhu. Muuzaji hakutoka kwenye hesabu kwa kusema mimi nimeuza tunda. Jirani zetu wa Kongo wanalijua hilo bila kitabu. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, nchi ya wachimbaji wanaozungumza Kiswahili chao, iliingia kwenye bomu la Hiroshima, Agosti 1945. Miaka kumi na minne baadaye, Léopoldville ikawa mji wa kwanza Afrika kuwa na kinu cha utafiti, kwa juhudi za Luc Gillon, padri Mkatoliki aliyekuwa pia mwanafizikia na mkuu wa chuo kikuu cha Lovanium. Padri yule simlaumu, alitaka elimu ije. Ila udongo ni ule ule mmoja, umetoa bomu na umetoa darasa, na anayeuchimba hapewi nafasi ya kuchagua. Sisi tunaouza tuna nafasi ya kuuliza. Tukikaa kimya kwa kuwa bei ni nzuri, sioni tofauti yetu na muuza zabibu.

Nilimpelekea shehe wetu wa darsa suala hili baada ya Maghrib. Alinyamaza, akacheka kidogo, akasema: "Mama, watu huniletea maswali ya talaka na riba. Hili la miaka ishirini na nne elfu utalijibu wewe na huyo mwanao." Kisha akaniuliza mabaki ya Namtumbo yamewekewa fedha kiasi gani, na kwa jina la nani. Ndilo swali ambalo mwenye mali kauli angeuliza, na sikuwa na jibu.

Kijana ameomba kazi huko huko Namtumbo. Nimemwombea dua, na nimemshonea kanzu mpya kwa ajili ya safari. Nimemwambia pia kwamba siku ya usaili, wakishamaliza kumuuliza ya kwao na kumpa nafasi naye aulize, aulize la shehe: mgodi ukifungwa, tope linabaki kwa nani, na akaunti ya kulilinda iko benki gani.

"Shangazi, mtu akitafuta kazi haulizi hivyo. Watanikata."

"Wakikukata kwa hilo," nikamwambia, "njoo ukae dukani. Kuna mzigo wa inveta unashuka Jumatatu."